Ombi Rasmi la Mama Yangu Kutozwa Kiingilio

Ndugu Mkurugenzi wa Bustani, Makumbusho na Mapumziko ya Wananchi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa miguu. Mimi naiandika nikiwa nimetumbukiza mguu wa kushoto kwenye beseni la maji ya chumvi, na kwa heshima zote, iliyoufikisha humo ni ofisi yako.

Nimelisoma tangazo mlilobandika langoni. Linasema mpango wa Jumatano ya Mzazi, ambapo mzee wa miaka sitini na kuendelea huingia bure kila mahali pamoja na msindikizaji wake mmoja, utajadiliwa upya, na mwananchi mwenye maoni ayalete kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Maoni ninayo, tena ni mafupi. Ufuteni.

Mimi ni fundi saa, umri wangu miaka hamsini na minne. Kibanda changu kinatosha kiti kimoja, lenzi na droo za skrubu, na kwa miaka thelathini sijatembea zaidi ya hatua mia mbili kwa siku, wala hakuna aliyelalamika. Mama yangu ana miaka sabini na minane, ni mkunga mstaafu. Tangu baba afariki, miaka mitatu iliyopita, alikuwa akikaa kwenye kochi akitazama pazia. Nilikuwa nikimpelekea gazeti na machungwa, naye akisema asante. Tulikuwa na amani. Kisha mkatuletea kadi. Wahenga walisema rahisi ghali. Kuhusu bure walinyamaza, nadhani kwa sababu hawakumjua mama yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Karani wenu. Siku ya kujiandikisha tulipanda ngazi arobaini na moja. Mama alipanda huku akiimba. Mimi nilifika juu nimeshika ukuta, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi. Karani alitutazama sote wawili, akanionea huruma, akanivutia kiti, kisha akaandika: Mzee, mimi. Msindikizaji, mama yangu. Akagonga muhuri kabla sijapata pumzi ya kukanusha. Nilipoipata, kadi ilikuwa tayari mkobani mwa mama, naye akasema tusimsumbue mtoto wa watu, muhuri ni muhuri. Tangu hapo kwenye kila lango nashikwa kiwiko na kuulizwa kama nitahitaji choo.

2. Kuvunjwa kwa heshima ya viongozi. Mlinzi wa makumbusho ana kirungu, masharubu na sauti ya kutisha. Mama alimkazia macho, akamtangazia mbele ya foleni nzima kwamba yeye alizaliwa akitanguliza miguu, na akamuuliza mama yake anaendeleaje. Mlinzi alipiga saluti. Sasa anatupitisha mlango wa wafanyakazi. Mkutubi, dereva wa trekta la bustani, mhasibu wenu, wote kawapokea mama walipozaliwa, na habari za kila mmoja anazo. Nifanyeje mimi, raia mwema, nikikutana na mkubwa ninayejua kwamba alimkojolea mkunga kabla hajafumbua macho? Hata wewe, Ndugu Mkurugenzi. Picha yako iko ukutani pale mapokezi. Mama aliitazama kwa muda, akatabasamu. Alichosema sitakiandika kwenye barua ya kiserikali. Itoshe kusema kwamba mwili umejitahidi sana kukifikia kichwa, hongera.

3. Mizani. Katika chumba cha pili cha makumbusho kulikuwa na mizani ya zamani yenye sinia, na kibao kilichosema: Mizani ya kupimia nafaka. Mama alisimama. Akasema hiyo ni mizani ya watoto ya zahanati ya zamani, ni yake, na anaijua kwa pale sinia lilipobonyea. Mwongozaji akasema kitabu cha makumbusho kinasema nafaka. Mama akanivua koti, akalikunja, akalibeba mkono mmoja chini ya kichwa na mmoja chini ya makalio, kisha akamuuliza mwongozaji ni nafaka gani hubebwa hivyo. Watu walijaa. Dakika kumi baadaye mwongozaji, mtu mwenye shahada, alikuwa akilibembeleza koti langu na kuulizwa kwa nini hajalicheulisha. Kibao kimebadilishwa. Koti langu bado lina harufu ya manukato ya mwongozaji. Nilipomuuliza mama sinia lilibonyeaje, alisema hiyo ni hadithi ndefu, twende tukamwone kobe wa bustanini.

4. Boti. Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni. Kanuni zenu za bwawa la bustani zinasema mzee atakaa, msindikizaji atapiga makasia. Kwa mujibu wa kadi, mzee ni mimi. Nilijaribu kumweleza mtunza boti. Akaniomba kadi, akaisoma, akanivalisha jaketi la kuelea na kunifunga kamba za kifuani kama mtoto wa chekechea. Ndugu Mkurugenzi, mama yangu wa miaka sabini na minane alinizungusha bwawa zima mara mbili, huku mimi nimekaa nyuma nimekumbatia mkoba wake. Watu ukingoni walinizomea. Bibi mmoja alinitupia ganda la ndizi. Mama alicheka mpaka akaacha makasia, tukaanza kuzunguka papo hapo kama mshale wa sekunde.

5. Furaha. Hili ndilo linaloniumiza zaidi kikazi. Mama hunipigia simu Jumanne asubuhi kuniuliza nitavaa viatu gani. Ameanza kucheka akiwa peke yake jikoni, na majirani wamekuja kunihoji. Pazia halitazamwi tena. Limebaki linaning'inia tu bila kazi. Nami ugonjwa umenipata. Juzi nilijikuta napiga mluzi juu ya saa ya mteja, naye akaniuliza kama nimepata mchumba. Fundi saa anayepiga mluzi hupuliza vumbi ndani ya mashine. Hilo linajulikana na mafundi wote.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mama yangu atozwe kiingilio, kikubwa. Ikishindikana, umri wa kuingia bure upandishwe hadi miaka tisini na mitano. Nilifikiria themanini, lakini zimebaki Jumatano mia moja tu, na ninavyomjua atazingoja akiwa amepanga foleni. Nalo hilo likishindikana, mwajirini. Anajua makumbusho yenu kuliko kitabu chenu, nami nitarudi kukaa kwenye kiti changu.

Nisalimie wote hapo ofisini: karani mwenye huruma, mlinzi na masharubu yake, mwongozaji, mtunza boti, na kobe, ambaye mwendo wake ndio pekee ninaoumudu. Ni mimi mwananchi mtiifu mwenye lengelenge,

Fundi saa,
Mzee wa kadi namba 112

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha hii Jumanne. Jana, Jumatano, mlikuwa mmefunga kwa ajili ya kutengeneza paa. Nilishangilia. Nikampigia mama simu kumwambia leo hakuna kutoka, naye akasema, haya mwanangu, kwa ile sauti ya kupokelea machungwa. Nikakaa kibandani. Hadi saa nne nilikuwa nimefungua saa moja tu, na skrubu zake sizioni. Nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta kwenye kochi, viatu mguuni, mkoba mapajani, anatazama pazia.

Nikamwambia twende hata tukasimame nje ya uzio. Tukaenda. Kupitia dirisha la makumbusho mizani inaonekana. Pale ndipo aliponisimulia: alikuwa kazini, ameibeba mizani kuihamisha chumba, uchungu wa kwanza ukamshika, ikamponyoka. Jioni ile ile nikapimwa humo, kwenye sinia lililobonyea, kilo tatu na robo. Anasema ile robo hajawahi kuiamini.

Kwa hiyo pale nilipoandika ufuteni, tafadhali soma uendelee, na mama anauliza kwa nini Alhamisi imeachwa nje. Kadi isisahihishwe. Jambo moja tu: mbele ya mizani mmeweka kibao kinachosema usiguse. Naomba Jumatano ijayo, kwa dakika moja, mlinzi atazame pembeni.