Nailoni, Udi na Mikoba ya Harusi

Jumanne, 22 Januari 2008
Nimehama hoteli ya Xiaobei! Sasa naishi kwenye boti, mtoni, karibu na bandari ya Huangpu. Mwenyewe, laoban Chen, yaani bosi Chen kwa Kichina, kanipangishia kwa bei ya kutupa. Nilimuuliza habari ya hita. Akasema meiyou, hakuna, huku akicheka. Si kitu. Ndani nimepanga mikoba ya ngozi kutoka viwanda vya mji wa Shiling, sare ya akina mama wote kwenye harusi yangu. Bi Mwanakhamis, mama wa Shamsia wangu, kaiagiza mwenyewe kutoka Unguja, na kwenye simu kasema wazi: ikifika na ukungu, nitafute mke kwingine. Kontena linafungwa Jumatatu. Abdulsamad, jirani yangu wa hotelini, alijitolea kuniwekea mikoba chumbani kwake. Nilikataa. Ningesimangwa mpaka kaburini.

Jumatano, 23 Januari
Baridi imenitafuna mpaka magego. Lakini dawa nimeipata! Nimenunua nailoni bunda zima na selotepu, nikaziba madirisha, nyufa, hata kile kitobo juu ya jiko ambacho sijui kina kazi gani. Nikapika ugali na supu. Joto tele, nimebaki na singlendi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Alhamisi, 24 Januari
Mvua ndani ya boti! Nje hakuna hata tone. Dari inatiririka, godoro chapachapa, mkoba mmoja umeanza kuota unga mweupe. Nimepanda juu kupaka lami. Wapi! Abdulsamad kaja kavaa makoti mawili, akaitazama dari, akasema ni pumzi zangu na mvuke wa sufuria, havina pa kutokea, nifungue dirisha. Dirisha, kwenye baridi hii! Mwenye wivu ajinyonge. Nimeongeza nailoni.

Jumamosi, 26 Januari
Nimeamka na jawabu. Bibi yangu alifukiza nguo zake kwa udi, na sijapata kuona nguo ya bibi yenye ukungu. Chetezo ninacho, mkaa ninao. Nikatia kipande kikubwa cha udi, nikafunga mlango, nikakaa nje kusubiri. Moshi ukapenya kila mwanya wa selotepu, harufu ikafika ng'ambo ya mto. Nilijiona bwana harusi kamili. Ndipo mama wa boti ya jirani akapiga kelele za moto. Laoban Chen akaja mbio na mpira wa maji. Nilimweleza kwa Kiswahili, Kiingereza na mikono kwamba ni manukato. Akang'oa nailoni yote, akamimina maji mpaka vyombo vikaelea. Nililia, sioni haya kuandika. Nikampigia Abdulsamad. Alikuja na teksi, tukapakia mikoba, tukaipeleka chumbani kwake.

Jumatatu, 28 Januari
Mikoba mikavu! Abdulsamad aliifuta mmoja mmoja, akaitandaza chumbani kwake, akafungua dirisha, akawasha feni, mwenyewe akalala na makoti yote mawili. Leo imeingia kwenye kontena. Inanukia udi. Nimempigia Bi Mwanakhamis, nikamwambia hiyo ni nyongeza yangu. Kafurahi, kaniita mwanangu! Abdulsamad anasema bila shaka sasa nimejifunza. Nimejifunza kwamba laoban ana papara. Boti nimeilipia mpaka baridi ijayo, fungate nitamleta Shamsia hapa hapa. Nimenunua nailoni nzito zaidi, ya rangi ya waridi, na kile kitobo juu ya jiko nimekiziba kwa saruji.