Waraka wa Kupiga Marufuku Maji Tangini

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Anga Nyepesi ilitangaza kwamba tatizo la maji kwenye matangi ya mafuta ya glaida limekwisha kabisa. Limekwisha kwa sababu limepigwa marufuku. Waraka wenyewe ulikuwa na kurasa kumi na nne, mihuri mitatu na picha ya Mkurugenzi akitabasamu kando ya jerikeni. Nakala moja ilibandikwa kwenye mlango wa banda la ndege, juu kidogo ya tangazo la kuwaomba watu wafunge mlango.

Fundi aliusoma akiwa amesimama, spana mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na maneno mengi, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akizihudumia glaida nne za Idara: ndege nyembamba zenye mabawa marefu na injini ndogo, zinazopaa kwa injini na kuelea kwa upepo. Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa akiinama chini ya kila ndege, akifungua koki ndogo iliyo chini ya tangi, akikinga mafuta kwenye glasi na kuyatazama kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, yakiwapo utayaona. Bandani kazi hiyo iliitwa kulijulia hali tangi. Waraka uliiita "utoaji holela wa mafuta kwa madhumuni ya kutazama", na ulieleza kwa upole kwamba anayeyatazama mafuta ya Idara anayatilia shaka, na anayeyatilia shaka mafuta anaitilia shaka Idara. Atakayekinga glasi bila amri ya maandishi, au atakayeamuru ikingwe, ataondolewa kazini papo hapo.

Mafuta yenyewe yalikuwa mapya. Kamati ya Uteuzi wa Mafuta ilikuwa imekaa vikao kumi na kimoja, ikanusa sampuli sita, ikapiga kura, na kuchagua petroli iliyochanganywa na spiriti kwa sababu rangi yake ilioana na mapazia ya ukumbini. Mafundi hawakualikwa, wasije wakaipendelea injini. Mjumbe mmoja alitaja kwamba spiriti hunyonya maji kutoka hewani. Alishukuriwa kwa mchango wake, akahamishiwa kitengo cha bustani.

Halafu kulikuwa na ukurasa wa tisa. Huo uliagiza kwamba matangi yatolewe mafuta yote kila jioni na yalale matupu, maana mkaguzi hawezi kuuona usafi wa tangi lililojaa.

Fundi alipofika hapo alicheka, kisha akaacha kucheka. Tangi likilala tupu, hewa iliyomo ndani hutoa jasho usiku kucha. Ndiyo maana yeye siku zote aliyajaza pomoni jioni. Sasa yatalala na jasho, asubuhi yamiminiwe mafuta yanayopenda maji, na asiwepo wa kutazama. Na rubani wa glaida hizo alikuwa binti wa dada yake, aliyemlea tangu yuko darasa la pili.

"Mama mdogo, usinitazame hivyo," binti alisema jioni ile, akinawa mikono kwenye ndoo. "Mimi siogopi."

"Wewe huogopi, mimi naogopa. Tumegawana kazi."

Kwa siku tatu fundi alikinga glasi kwa kujificha nyuma ya gurudumu. Siku ya nne viatu viwili vyeusi, vilivyong'arishwa vikang'arika, vikasimama mbele ya pua yake. Vilikuwa vya Mkaguzi, ambaye watu wote walimwita Bwana Kifungu. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea, na lililoandikwa haliwezi kukosea.

"Fundi, unafanya nini huko chini?"

"Natafuta nati."

"Kwenye glasi?"

Bwana Kifungu akafungua daftari lake la makosa.

"Una bahati. Siku saba za mwanzo ni za kuelimishana, kifungu cha pili. Kwa hiyo leo nakuelimisha. Ukirudia siku ya nane, nakufukuza. Umeelimika?"

"Nimeelimika."

Siku ya nane ndiyo ilikuwa ya uzinduzi wa mafuta mapya. Palikuwa na mahema mawili, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, na kipaza sauti kilichopiga miluzi kila Mkurugenzi aliposema neno "uwazi". Alihutubia dakika hamsini kuhusu tangi safi kama nguzo ya anga safi. Mbele ya wageni glaida ya kwanza ilisimama imepakwa nta, tangi lake limelala tupu usiku saba mfululizo na kujazwa asubuhi ile. Ilibaki saini ya fundi tu kwenye fomu ya tangi.

Fundi aliipokea kalamu, akaitazama ndege, akamtazama binti aliyekwisha kukaa kiti cha mbele. Akairudisha kalamu.

"Sisaini."

Tabasamu la Mkurugenzi halikutikisika, maana kamera zilikuwepo. "Fundi, tusiharibiane siku."

"Sijalijulia hali, mheshimiwa. Siwezi kuyasainia mafuta nisiyoyaona."

"Basi leseni yako iache hapa mezani. Miaka kumi na tisa unaitupa kwa ajili ya glasi?"

Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala hakuwahi kuitaka. Akaitoa leseni mfukoni, jalada lake limepauka, akaiweka mezani. Machozi yalimjia akayazuia, kwa hasira kuliko kwa ushujaa.

"Nasaini mwenyewe!" Mkurugenzi akatangaza kwenye kipaza sauti. Makofi yakalia. Akatia saini ndefu yenye mkia.

Bwana Kifungu akaichukua fomu, akaisoma yote, akakohoa.

"Mheshimiwa, aliyesaini fomu ya tangi ndiye anayekaa kiti cha nyuma katika mruko wa kwanza."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Wewe, mheshimiwa. Ukurasa wa kumi na mbili. Ulisema utawatia mafundi adabu."

Wageni wakapiga makofi tena, wakidhani ni sehemu ya ratiba. Mkurugenzi alisindikizwa hadi kiti cha nyuma na watu wanne waliomshika kwa heshima na kwa nguvu. Binti akageuka, akamfunga mikanda, akaikaza.

"Shikamoo, mheshimiwa. Injini ikizima usiwe na wasiwasi, hii ni glaida. Tutaelea."

"Tutaelea hadi wapi?"

"Hadi tutue."

"Tutatua wapi?"

"Hilo tutaliona tukiwa juu."

Mkurugenzi alilegeza tai. Akatoa kichwa nje. "Fundi! Dada yangu! Hebu... lijulie hali kidogo."

"Mimi si fundi tena, mheshimiwa. Leseni yangu iko mezani kwako."

"Mrudishieni! Mrudishieni leseni yake sasa hivi!"

Bwana Kifungu akaileta kwa mikono miwili. Fundi akaifuta vumbi, akaitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

"Naomba na amri kwa maandishi."

Mkurugenzi akaandika nyuma ya hotuba yake: *Naamuru mafuta yakingwe.* Akasaini, safari hii bila mkia. Fundi akainama, akafungua koki, akakinga. Aliinua glasi juu ili wote waione: juu mafuta ya rangi ya mapazia, chini maji meupe, nusu kwa nusu. Akakinga ya pili, ikawa vile vile. Akaacha tangi litulie kidogo, akakinga ya tatu: maji matupu. Hakuna aliyepiga makofi.

"Binti, shuka," fundi alisema, na pumzi ikamtoka kifuani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Binti akashuka.

Mkurugenzi alijaribu kushuka pia, lakini mikanda ilikuwa imekazwa vizuri. Bwana Kifungu akasimama ubavuni mwa ndege, karatasi ya amri mkononi, daftari la makosa wazi.

"Jina lako kamili, mheshimiwa?"

"Wewe, si unanijua!"

"Kukujua hakujaandikwa popote." Akaandika, taratibu, kwa hati nzuri. "Na kazi?"

"Mkurugenzi!"

Bwana Kifungu akaitazama saa yake, maana waraka ulisema papo hapo, akaliangalia neno alilotaka kuandika, akatanguliza jingine mbele yake: *alikuwa*.