Kisu cha Nicodemus

Kuanzia Ntimaru hadi Mbita, kama kulikuwa na kitu ambacho Nicodemus hangeweza kukikata, basi kitu hicho kilikuwa hakijaumbwa. Hayo ni maneno yake mwenyewe, msinisingizie.

Na kwa haki, mkono alikuwa nao. Akimaliza kukupasua jipu, ulimuuliza ataanza saa ngapi. Akihasi fahali, fahali aliendelea kucheua. Huko Mbita eti alipasua samaki wa mbuta wa kukausha mpaka wachuuzi wakasahau kuuza. Haya ya Mbita aliyashuhudia yeye peke yake.

Mwaka wa tisini na tano akampenda Gati, binti wa Mzee Nyamohanga. Mzee alisitasita. "Huyu mdomo yake ni kubwa kushinda boma yao," alisema. Lakini Gati alimbembeleza baba yake, mzee akakubali kumpima kijana kwa kazi.

Ndama wa mzee walikuwa hawajatiwa alama masikioni. Kwetu mpakani, ng'ombe asiye na alama ni wa yeyote mwenye mbio. Kila boma lina mkato wake. Kwa Nyamohanga ni pengo moja, sikio la kulia. Kwa kina Nicodemus ni mapengo mawili, sikio la kushoto.

"Ukifanya vizuri," mzee akamwambia, "tutaongea mambo ya mahari."

Nicodemus alikuja na shati jeupe, makusudi. "Mkiona hata tone moja la damu hapa," akawaambia majirani, "mniite fundi wa viatu."

Gati akashika ndama, macho yake usoni mwa Nicodemus wala si masikioni mwa ndama. Mzee aliketi mbali kwa heshima ya fundi. Nicodemus akaanza kukata huku akisimulia Mbita. Mdomo ulikuwa Mbita, na mkono, uliozoea ng'ombe wa baba yake tangu utotoni, ulikuwa nyumbani kwao.

Alipomaliza, shati lilikuwa jeupe vilevile. Mzee akaja, akageuza sikio la ndama mmoja, kisha la mwingine.

"Nicodemus. Hii ni alama ya nani?"

Nicodemus akatazama. Mapengo mawili, kushoto, ndama wote. Na sikio halishonwi.

"Huyu ametuibia mchana," jirani mmoja akasema.

"Hapana," mzee akasema taratibu. "Mwizi angekimbia. Mimi najua mila. Ng'ombe wangu wameingia kwa kina Nicodemus, na ng'ombe wakienda, bibi anakuja. Hiyo ni mahari, nimelipa. Sasa bibi ni nani?"

Watu wakatazamana. Kina Nicodemus hawakuwa na binti hata mmoja.

Gati akaingia jikoni, akatoka na mtungi, akauweka miguuni pa Nicodemus.

"Mto uko kule chini," akamwambia. "Usichelewe, mama mkwe wako anangoja maji ya chai."