Ruta Isiyotaka Kustaafu

Manika, Kolwezi, Jumatano

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni inayotuletea intaneti, mjini hapa

Bwana Mkurugenzi, Tata yangu kwa cheo ingawa kwa miaka ungekuwa mwanangu,

Nakusalimu wewe, nakusalimu karani wako anayepokea simu na kusema "subiri kidogo", na nausalimu pia ule wimbo mnaoupiga wakati mtu anasubiri. Wimbo huo sasa naujua vizuri kuliko zaburi yoyote.

Naitwa Kankolongo. Nilizaliwa hapa Kolwezi, katika nyumba za wafanyakazi wa migodi, kwa baba aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Nilipokuwa mtu mzima wenye kabila la Kasai tukafukuzwa, nikaambiwa nirudi "kwetu", nikapakiwa kwenye treni mpaka Mwene-Ditu, mji ambao nilikuwa sijawahi kuuona hata kwenye picha. Baadaye nilirudi, nikajenga Kasulo. Kisha majirani wa Kasulo wakagundua kwamba walikuwa wanalala juu ya madini ya cobalt. Wakachimba sebuleni, wakachimba chini ya vitanda, hadi siku moja ukuta wangu wa jikoni ukateremka ndani ya shimo la jirani pamoja na sufuria ya maharagwe. Ndipo nikahamia Manika. Sikuelezi haya ili unihurumie. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia amekwisha kuhamishwa na watu wanaojua kazi yao, kwa hiyo akisema kwamba ruta yenu inamsumbua, ana kitu cha kuilinganisha nacho.

Sasa jambo lenyewe. Mke wangu, Mama Mbelu, amevunjika nyonga na daktari amemkataza kutoka kitandani. Chumba chetu kipo nyuma kabisa ya nyumba. Ruta yenu, kile kifaa cha kugawa intaneti, ipo mbele kabisa, sebuleni, pale fundi wenu alipoipigilia ukutani kama picha ya mtakatifu. Kati yao kuna kuta nene za matofali ya kuchoma, za wakati watu walipojenga kama wanaotarajia kukaa. Binti yetu Rachelle, aliyeolewa na kubaki Mwene-Ditu, amejifungua mtoto wa kike, naye mtoto amepewa jina la bibi yake: Mbelu. Katika ukoo wetu, mtoto aliyepewa jina la mtu aliye hai hapelekwi kubatizwa kabla mwenye jina hajamtazama usoni na kumwita. Ubatizo ni Jumapili hii. Nilimshauri mke wangu amwite kwa simu ya sauti tu. Akanijibu, "Mi nitaita mutoto wenye sikumuona? Na kama banaleta wa jirani?"

Basi inatakiwa video, na video inatakiwa ifike kitandani. Intaneti ya simu katika mtaa wetu hufa katikati ya salamu. Ndiyo maana mwanangu Kabasele, anayefanya kazi Lubumbashi, alinitumia visanduku vitatu vyeupe vinavyopokezana wifi kutoka chumba hadi chumba. Wenyewe wanaviita mesh. Tangu vilipoingia nyumbani kwangu nimepata malalamiko yafuatayo, ambayo nayaweka kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Ruta yenu haitaki kustaafu. Karatasi ya maelekezo iko wazi: kisanduku cha kwanza kifungwe kwa waya kwenye ruta iliyopo, cha pili kiwekwe kwenye ukumbi, cha tatu chumbani, kisha wifi ya ruta izimwe ili nyumba iwe na mtandao mmoja. Ruta ipitishe intaneti tu, inyamaze. Nilifuata kila neno. Lakini mahali pa kuizimia pamefungwa kwa nywila ambayo ni yenu peke yenu. Matokeo yake nyumba yangu ina wifi mbili, na simu yangu, kama mtumishi mwoga, inang'ang'ania bosi wa zamani hata pale ambapo sauti yake haisikiki tena. Nilikuwa karani wa stoo mgodini, Bwana Mkurugenzi. Nimewaona wakubwa waliostaafu wakija kila asubuhi kukaa kwenye kiti kilekile na kutoa amri kwa watu wasiowasikiliza. Hata hao waliondoka hatimaye, walipozawadiwa saa ya ukutani. Niambieni ruta yenu inataka saa ya namna gani.

2. Fundi wenu Ngeleka alikuja. Ni kijana wa heshima na alivua viatu mlangoni. Akaitazama ruta kwa muda mrefu, akasema, "Tata, hii ni ya kampuni. Mi siko na ruhusa ya kuigusa." Nikamuuliza nani anayo. Akasema, "Kinshasa." Nikamuuliza ni nani huko Kinshasa. Akafikiri. "Tata, Kinshasa tu." Nawashukuru kwa kunijulisha kwamba ili nizime taa moja ndogo sebuleni kwangu inabidi mji mkuu wote ukubali.

3. Kwa kuwa ruta haistaafu na fundi haigusi, nilibaki na njia moja: kujua wifi yangu inaishia wapi, ili nisogeze visanduku. Katika simu kuna kitu kinachoonyesha nguvu ya wifi kwa namba. Nikatembea nje kando ya ukuta, polepole kwa sababu ya magoti, kutoka dirisha la sebule mpaka dirisha la chumba cha nyuma. Kila hatua chache nilisimama, nikasoma, nikaandika namba ukutani kwa chaki. Mbele tisini, nyuma kumi na mbili. Wewe ni mtu wa intaneti, ungeona mzee anatafuta wifi. Lakini katika mji huu, mtu anayetembea polepole akitazama kifaa cha mkononi, anayesimama na kuandika namba, hatafuti wifi. Wanunuzi wa madini kwenye depo hupima mawe kwa kifaa cha mkononi kinachotoa namba, na kila mtu wa Kolwezi, hata mtoto wa ekaristi ya kwanza, anajua namba kubwa maana yake nini. Jirani yangu Gracien, ambaye ni mchimbaji, alisimama kwenye uzio, akasoma ile tisini, akavua kofia.

4. Tangu siku hiyo nateswa kwa adabu. Watu waliokuwa wakinipita kama nguzo ya umeme sasa wananiuliza nimeamkaje. Mama Joyeuse, anayeuza mikate ng'ambo ya barabara, ameniletea mkate wa moto na kuniambia, "Tata Kankolongo, siye tuko ndugu, eh? Usitusahau." Katekista ameniuliza kama nimewahi kutafakari juu ya paa la kanisa letu. Bwana mmoja aitwaye Stany, dalali, amekuja na gari akitaka kununua nyumba hata mimi nikiwemo ndani. Wote nimewaeleza ukweli: ni wifi. Wakapiga makofi kwa kicheko. "Muzee iko na akili! Eti wifi!" Nikawatolea kisanduku wakione. Kwa bahati mbaya kisanduku kikifurahi huwasha taa ya buluu, rangi ambayo hapa kila mtu huiita ya cobalt. "Na taa iko buluu!" akasema Mama Joyeuse. "Tata, sasa unaficha nini?" Nimegundua kwamba hakuna uongo unaoaminika hapa kama ukweli unavyokataliwa.

5. Baada ya Kasulo niliapa mbele ya mke wangu kwamba jembe halitaingia katika ardhi ya kiwanja hiki. Mpaka leo maua yetu yamepandwa kwenye makopo. Juzi niliporudi kutoka kumtafutia Mama Mbelu dawa, nilimkuta Gracien na binamu zake wawili wamefungua mtaro kando ya ukuta wangu, kuanzia dirisha la sebule. Wanafuata namba zangu za chaki, moja baada ya nyingine, kwa utii ambao sijawahi kuuona kwa watoto wangu wa kuwazaa. Nikauliza ni kwa ruhusa ya nani. "Tata, siye tunakusaidia tu," akasema Gracien. "Wewe ukae, upumuzike. Mwisho tutagawanya." Nikamwambia namba zinapungua kadiri anavyokwenda nyuma, hata kwa hesabu yake anakimbia mali. Akanijibu kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mzee wake, kwamba jiwe zuri hujificha.

Tafadhali fuata mpangilio wa mambo. Ruta yenu ingestaafu, nisingetembea. Nisingetembea, kusingekuwa na chaki, wala mtaro. Mtaro ukiendelea, ukuta utaanguka, nami nitahamishwa mara ya tatu. Mara ya kwanza nilihamishwa kwa ajili ya kabila la baba yangu, mara ya pili kwa ajili ya cobalt. Ya tatu itakuwa kwa ajili ya kifaa kinachofutwa vumbi kwa kitambaa kikavu. Naona heshima yangu inashuka.

6. Jana jioni tulijaribu tena. Rachelle alitokea kwenye simu, akamwinua mtoto. Picha ikashuka mpaka kwenye paji la uso, ikaganda. Simu ilikuwa imerukia ruta yenu. Mama Mbelu aliishika kwa mikono miwili, akatazama lile paji kwa muda mrefu bila kuniruhusu niguse kitu. "Ni paji yangu hii," akasema. "Lakini sura iko wapi?" Hapa sina dhihaka ya kuongeza.

Kwa sababu hizo naomba mambo matatu.

La kwanza, Kinshasa yote ikae na kuistaafisha ruta yangu. Sherehe nitagharimia mwenyewe, na hotuba ninayo.

La pili, kama hilo haliwezekani, Mkurugenzi mwenyewe asafiri mpaka Mwene-Ditu kabla ya Jumapili, asimame mbele ya padri, aeleze kwa nini mtoto anabatizwa bila kuitwa na mwenye jina lake. Ajiandae kwa maswali ya shangazi za mtoto, ambao hawapokei jibu la "subiri kidogo".

La tatu, kampuni initolee hati yenye muhuri, herufi kubwa, itakayosomeka kutoka barabarani, ikithibitisha kwamba baada ya kupima kwa vyombo vyake vyote imeona kuwa chini ya kiwanja cha Kankolongo hakuna kitu: hakuna cobalt, hakuna shaba, na kwa upande wa nyuma hakuna hata wifi. Nitaipigilia kwenye lango. Mimi nimesema nikachekwa, lakini muhuri haujawahi kuchekwa katika nchi hii.

Nisalimie wafanyakazi wako wote, walinzi wa getini, Ngeleka na viatu vyake, na yeyote yule ambaye ndiye Kinshasa. Mama Mbelu naye anakusalimu kutoka pale wifi yako isipofika.

Ni mimi, mteja wako niliyepimwa na kuonekana nina tisini,

Kankolongo

N.B. Leo ni Jumamosi na barua hii bado iko mezani, kwa hiyo naongeza kidogo. Jana mtaro ulifika chini ya dirisha la chumba chetu. Nilikwenda na fimbo kuwafukuza, nikakuta wamekaa wanakunywa chai. Mama Mbelu alikuwa akizungumza nao kupitia dirisha siku zote hizo, akawaomba mtaro wao upitishe waya, na alikuwa amemwita Ngeleka bila kuniuliza. Kijana alikuja siku yake ya mapumziko na bunda la waya, akaulaza ndani ya mtaro kutoka kisanduku cha sebuleni mpaka cha chumbani, Gracien akafukia. Kisanduku cha chumbani kikapata nguvu, na simu ikaacha kumkimbilia bosi wa zamani. Ruta yenu haikuguswa hata kidogo. Kumbe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kuta zangu, na dawa ilikuwa jembe.

Leo asubuhi mke wangu amemwona mtoto mzima, tangu paji mpaka kidevu. Akamwita, "Mbelu." Mtoto akapiga chafya. Akamwita tena, na tena, mpaka Rachelle akaanza kulia huko na mimi nikaenda kuangalia maua yangu kwenye makopo.

Kwa hiyo futa malalamiko yote, na ruta iachwe kwenye kiti chake. Kuhusu ile hati ya muhuri, nakuomba sana usiilete sasa, Gracien asije akaweka jembe chini. Daktari anasema baada ya muda Mama Mbelu ataanza kutembea mpaka jikoni, na jikoni wifi haifiki. Nimemwambia Gracien hivyohivyo, wazi, mbele ya mashahidi: jikoni wifi haifiki. Akanikonyeza jicho, akaenda dukani, akaniletea chaki mpya.