Kamati ya Utulivu wa Wanahewa Yafika Angurai

Ninayo heshima ya kuwatangazia wananchi wote, kuanzia Burumba hadi Malaba, kwamba msongo wa mawazo miongoni mwa wanahewa wa jeshi umekomeshwa rasmi. Umekomeshwa kwa azimio, na mimi, Mathew Omagor, katibu wa Kamati ya Utulivu wa Wanahewa, ndiye niliyelisoma kwa kipaza sauti.

Tuliketi Burumba, katika hoteli yenye kuku wa kienyeji, kwa kuwa shida za mtu mwingine hazijadiliwi na tumbo tupu. Uchunguzi wetu wa kina ulibaini kwamba msongo huu si wa Kenya. Unavuka kutoka Uganda ndani ya malori, bila kulipiwa ushuru. Tukaagiza ukaguzi mkali pale mpakani Malaba. Hakuna dereva aliyekamatwa nao, ingawa wengi waliokuwa kwenye foleni walionekana wanauficha.

Kisha tukaruka hadi Angurai kwa helikopta ya Kamati, ambayo rubani wake hulala vizuri kwa sababu hana kazi nyingine. Uwanjani ilikuwepo helikopta ya jeshi ya kupeleka chakula kwa waliokumbwa na mafuriko, pamoja na rubani wake, Kapteni Amongin, na fundi wa injini, Sajenti Oduori. Macho ya Kapteni yalikuwa mekundu ajabu.

"Mkubwa, sisi hatutaki semina," alisema. "Tunataka kulala. Tangu mafuriko ianze hatujapumzika. Jana nimeona foleni ya malori Malaba nikadhani ni uwanja, nikaanza kushuka. Ni Oduori alinipigia kelele. Nipatie tu off kidogo, kabla niue watu."

Mwenyekiti wetu, Bwana Methuselah Alinga, alimsikiliza kwa huruma kubwa, maana alikuwa ameshiba.

"Kapteni, usingizi hauko kwenye bajeti. Lakini tumekuletea Zoezi la Pumzi."

Katika zoezi hilo, rubani huvuta pumzi kwa amri na huitoa baada ya kupewa idhini. Amongin akavuta. Mwenyekiti akapokea simu. Alipomaliza maongezi, uso wa Kapteni ulikuwa umebadilika rangi, jambo tulilolitambua kama utulivu. Mwenyekiti akatangaza mbele ya umati uliokuja kutazama helikopta kwamba rubani huyu yuko fiti kuruka.

Oduori akafungua mlango wa ile helikopta ya chakula.

"Asante mkubwa. Karibu ndani."

"Ndani wapi?"

"Huku kwetu, mwenye amesema kitu iko sawa ndiye hupanda nayo ya kwanza. Mimi nikitengeneza injini, napanda. Injini nimepitisha mimi. Rubani umepitisha wewe."

Mwenyekiti akachungulia. Amongin alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, ameegemea kioo, mdomo wazi, anakoroma.

"Panda, boss," akasema mama mmoja mwenye karai la njugu. "Si umesema ako fiti?"

Umati ukacheka, na mimi nikakohoa ili nisionekane nacheka. Mwenyekiti alishika mlango. Mguu mmoja aliuacha chini.

"Nina presha," alisema polepole.

"Vuta pumzi, mkubwa," Oduori akamwambia. "Usitoe mpaka nikuambie."

Hapo ndipo bajeti ya usingizi ilipopatikana. Amongin alipewa likizo akiwa bado anakoroma, na Oduori pia. Rubani wetu wa ziara, aliyelala kwa niaba ya jeshi zima, akaamriwa apeleke chakula. Sisi tukarudi kwa gari la Probox. Katika kumbukumbu nilieleza kwamba safari yetu ya angani iliahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Jua lilikuwa linawaka.

Pale Malaba tulisimamishwa na ukaguzi ule tuliouagiza wenyewe. Askari aliinama dirishani, akamtazama Mwenyekiti: jasho, mikono inayotetemeka, mashavu yaliyojaa pumzi.

"Mzee, shuka, usimame kando," akasema. "Wewe ndio wa kwanza kupatikana nao."