Taa ya Bluu, Ndoo ya Siki na Mume Wangu wa Miezi Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Miezi mitano! Mjukuu wangu, miezi mitano hujakanyaga hapa, halafu unafungua daftari hili kama mtu aliyetoka mara moja kununua kiberiti. Huna haya. Vua viatu. Kaa. Sasa soma.

Wewe ndiye uliyeniachia daftari. Ukasema, Bibi, mambo yako yaandike, usinipigie simu mara ishirini nikiwa kazini. Haya, naandika. Shule sikuiona hata dirisha lake. Herufi alinifundisha babu yako kwa chaki ya ushonaji, juu ya meza ya kukatia nguo. Nikikosea mlaumu marehemu.

Sababu ya kutokuja naijua. Mara ile mlipotoka hapa, mume wangu, huyo mwanao ninayemwita mume kwa haki yangu ya ubibi, alipiga chafya mbele ya mama mkwe wako. Inzi akatoka puani. Mzima! Akaruka zake. Mama mkwe akaapa kwamba mtoto harudi nyumba ile mpaka wadudu waishe. Kwa inzi mmoja! Yeye hajawahi kuingiwa na inzi puani? Na pua ile?

Jumapili mnakuja, na yeye anakuja kukagua. Akiona kinachoruka, mume wangu sitamwona tena mpaka aote ndevu.

Leo kifurushi chako kimefika. Kidude cheupe, ukubwa wa kiganja. Unakichomeka ukutani kinatoa mwanga wa bluu. Mgongoni kina karatasi ya gundi. Ndani ya boksi kuna karatasi nyingine ya akiba. Nimekichomeka karibu na meza, juu ya ndoo yangu ya siki. Nimezima taa kubwa, nikakaa gizani kutazama. Wanakuja! Wananasa! Nimecheka peke yangu mpaka Wifi akagonga ukuta.

Jumanne, 4 Machi

Sitini na mmoja! Vijinzi hamsini na nane, mbu wawili, na kimoja sikijui, kina masharubu.

Nikamwonyesha Wifi. Unamjua dada wa babu yako: tumegawana nyumba hii kwa ukuta mmoja, tukachangia jiko na ugomvi. Alisoma mpaka darasa la nne na tangu hapo hajatunyamazia. Akatazama karatasi, akasema wadudu wangu ni wengi kwa sababu ya ndoo ya maganda ninayoivundika chini ya meza. Nikamwambia ile si maganda, ni siki, na siki yangu imekaa nyumba hii kabla hajaachika akarudi. Akasema kwake hakuna ndoo, na wadudu kwake ni wachache. Nikamwambia hata wadudu huchagua wenyeji.

Akaondoka anatikisa makalio. Kijicho tu.

Halafu nikafikiri. Mkaguzi anakuja, nami nina makaburi sitini na moja ukutani? Nikaitoa karatasi. Nikaisugua kwa sabuni na majivu, nikaisuuza mara tatu, nikaianika kambani. Inang'aa. Mimi si mchafu.

Jumatano, 5 Machi

Usaliti! Taa inawaka, wadudu wanakuja, wanagusa karatasi, wanaondoka. Wanakuja tena. Wanacheza kama wamealikwa harusini. Hanasi hata mmoja.

Nikakumbuka karatasi ya akiba. Nikakumbuka pia kwamba karatasi hiyo, asubuhi, nimegundishia soli ya kandambili yangu ya kushoto. Imeshika vizuri sana. Siibandui.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kitu gani kinanata? Sukari iliyochemshwa. Nikachemsha vikombe viwili, nikaipaka karatasi kwa mwiko. Harufu nzuri mpaka nikalamba mwiko.

Tutaona nani mjanja.

Alhamisi, 6 Machi

Sisimizi.

Wametoka dirishani, wakapanda ukuta, wakaingia kwenye taa kwa foleni. Adabu waliyonayo hata benki hakuna. Wakaingia tundu la umeme. Ikasikika tas! Taa ya bluu kimya. Feni kimya. Redio ya Wifi kimya, na Wifi si kimya.

Fundi umeme akaja. Akafungua soketi, akatoa sisimizi wa kuokwa kijiko kizima, umeme ukarudi, na taa ya bluu ikawaka. Akanusa. Akaniuliza, Mama, nani amepika humu? Nikamjibu kwamba kazi yake ni nyaya, si mapishi. Akacheka mpaka akashika ngazi. Kisha akanieleza, taratibu kama anamweleza mgonjwa: karatasi haioshwi, inabadilishwa. Halafu akasema taa inawaita wadudu, lakini haiwezi kuwamaliza kama chanzo kiko pale pale. Akanyoosha bisibisi kwenye ndoo yangu.

Kila mtu na ndoo yangu! Sikumsikiliza zaidi, maana neno moja lilikwisha kunikaa. Taa inawaita wadudu. Inawaita! Sasa mimi mpumbavu gani nimeweka kwangu kitu cha kuwaita?

Ijumaa, 7 Machi

Nimempa Wifi ile taa. Zawadi. Nimeifuta, nimeifunga kwa khanga mpya, nikabisha hodi kwa sauti ya asali. Nikasema, wifi yangu kipenzi, mwenye macho mazima ndiye wa kufaidi mwanga.

Akanitazama kama ninayemuuzia ng'ombe aliyekufa. Akaipokea lakini. Kitu cha bure hakikataliwi hata na darasa la nne.

Nalala raha. Usiku huu wadudu wangu wote wahamie kwa mwenzangu, na mizigo yao.

Jumamosi, 8 Machi

Hawakuhama!

Mwanamke yule amesoma kile kikaratasi cha maelezo. Akaenda dukani akanunua karatasi mpya. Kwake leo hata mlio husikii. Kwangu nimekunywa chai na wanne, nikahesabu baada ya kumeza.

Halafu akaja mlangoni kutangaza. Eti kesho mume wake atalala kwake, kwa sababu kwake ndiko kusafi. Mume wake! Nikamuuliza nani amemwoza. Akasema yeye ni bibi sawa na mimi, damu kwa damu, mimi nimeolewa tu humu. Nimeolewa tu! Miaka arobaini na sita nimeolewa tu!

Mjukuu wangu, sikudanganyi. Yule mtoto nilimwogesha siku yake ya saba. Nilimkanda miguu. Ananijua kwa harufu. Kesho aletwe hapa, alale nyuma ya ukuta, nami nisikie pumzi yake kama jirani?

Nikangoja. Saa tisa Wifi akaenda kusukwa. Kwa ajili ya bwana wa miezi tisa! Nikaibeba ndoo yangu ya siki kwa mikono miwili, mgongo unalia, nikaisukuma chini ya kitanda chake hadi ukutani. Nikaifunika kwa shuka lake linaloning'inia pembeni. Wadudu wanaipenda siki yangu. Basi waifuate. Mama mkwe wako akague hilo.

Kuna ubaya gani? Nimemkopesha.

Jumapili, 9 Machi

Mlikuwepo, lakini hukuona chochote. Ngoja nikwambie.

Mlipofika, Wifi alikuwa kwenye kizingiti na mistari mipya kichwani, ametandika shuka jeupe. Alimchukua mtoto mikononi mwako kabla sijafunga khanga. Nikamwachia. Nilijua ninachokijua.

Unakumbuka mama mkwe wako alivyoinamia kitanda? Ile karatasi ya gundi ilikuwa imejaa tele, nyeusi kama ubao wa shule. Na waliokosa nafasi walikuwa wanazunguka juu ya shuka jeupe. Mmoja akatua juu ya ile pua. Pua ile ile! Mama mkwe akapiga ukelele, ukamnyakua mwanao, mkaingia kwangu.

Na kwangu, jamani, hakuna hata mmoja. Hata mimi nilishangaa. Mama mkwe akazungusha macho darini, pembeni, chini ya meza. Akasema, huyu bibi anajua usafi. Nikainamisha macho kama bikira.

Mume wangu akalala kifuani kwangu saa mbili nzima. Alinishika kidole. Huyo ndiye mliyetaka kuninyima kwa sababu ya chafya.

Ndipo nikamwona Wifi. Amekaa jikoni peke yake na mistari yake mipya, shuka jeupe amelikunja magotini. Hakuwa analia. Heri angelia. Alikuwa anaguna kwamba hajui kosa lake, chumba kilikuwa safi, alikisoma kile kikaratasi mpaka mwisho.

Moyo ukanichoma. Nikamwita, wee mwanamke, njoo tumtazame mume wetu, mwanamume huyu anakoroma. Akaja. Tukabanana kitandani, bega kwa bega, kila mmoja na mguu wake wa mtoto. Akaninong'oneza, huenda ni uzee, wifi, nimeanza kusahau kufagia. Nilitaka kumwambia ukweli. Wallahi ulinifika kwenye ulimi.

Nikamwambia ndiyo, ni uzee.

Alipotoka kuwasindikiza barabarani nikaitoa ndoo yangu. Jioni nikampa chupa ya siki bora. Akashukuru mpaka nikaona aibu, ikapita.

Jumatatu, 10 Machi

Ndoo imerudi chini ya meza, mahali pake pa siku zote.

Ajabu! Wadudu nao wamerudi. Wengi kuliko mwanzo. Nimefikiri asubuhi nzima na sasa najua. Mama mkwe wako amekuja nao kwenye ule mkoba mkubwa. Nilijua tangu alipouweka mezani.

Wifi amepita, ametazama ndoo, amenitazama mimi, ametazama ndoo. Ametazama vumbi la chini ya kitanda chake lililoganda pembeni mwa ndoo. Amekwenda kwake. Sasa nasikia kitu kizito kinaburutwa upande wa pili wa ukuta. Sijui anapanga nini yule. Watu wengine hawana utu.

Wewe ukija tena, na uje kabla mwezi haujaisha, usilete taa. Lete ndoo yenye mfuniko unaobana, na mkoba wa mama mkwe wako uache nje getini. Mtoto umpitishe mlango wangu kwanza.