Mawe ya Nelda na Stika ya Mlangoni

Jumatatu, 7 Januari
Nimeamua. Naenda! Mke wangu Nelda hayupo duniani tangu Machi, ila mawe yake yapo. Ndoo kumi na tisa gereji, na kila jiwe limefungwa kikaratasi cha mwandiko wake. Miaka ishirini tulikwenda Quartzsite, jangwani Arizona, kukodolea macho meza za mawe za wenzetu. Mwaka jana alilipia yake. Meza namba 12. Kitandani hospitali akaniagiza: mawe ya kijani yakae mbele. Nikamwambia aondoe shaka.

Leo kapiga simu Opal Renfro, msimamizi wa gulio. Meza inasubiri hadi Jumamosi ya tarehe 19, saa nne asubuhi. Nikichelewa, anapewa mtu wa shanga. Shanga! Nelda angefufuka aje kumzaba kofi.

Trela la kulala ninalo, futi thelathini na nne. Lile la shingo nene inayolala katikati ya bodi ya pikapu, si lile la kuning'inia kwenye bampa kama mkokoteni. Tangazo la pikapu yangu lilisema inavuta uzito wa pauni elfu kumi na sita. Trela na vyote vilivyomo havifiki elfu kumi na tatu. Hesabu hiyo hata Buford anaiweza. Buford ni mbwa.

Jumanne, 8 Januari
Kaja Dewey Pruitt, jirani wa upande wa pili wa uzio. Miaka thelathini na moja alikuwa mizani ya barabarani akisimamisha malori. Kastaafu, lakini kupima hajaacha. Kafungua mlango wa pikapu yangu bila hodi, kainama huku magoti yakilia, kasoma stika iliyo kwenye fremu. Watu na mizigo visizidi pauni 2,180.

Nikamwambia tangazo limesema elfu kumi na sita. Akasema hiyo ni ya kuvuta, Hoyt, na wewe unataka kubeba. Shingo ya trela haivutwi, inakukalia mgongoni. Sehemu moja katika tano ya uzito wote, hapo hapo juu ya ekseli ya nyuma. Ongeza kile chuma cha kuungia. Ongeza sanduku la spana. Ongeza mbwa. Akanitazama tumbo. Na wewe mwenyewe, akasema, si unyoya.

Nikamwambia ana wivu. Akauliza wivu wa nini. Mwaka 1964, kabla sijamjua Nelda, Dewey alicheza naye dansi. Moja tu. Hajaisahau. Na mimi pia sijaisahau, wala sikuwepo.

Jumatano, 9 Januari
Nimepakia. Ndoo zote kwenye stoo ya mbele ya trela, maana mlango wake ni mpana na mgongo wangu ni mbovu. Nikaishusha shingo juu ya pikapu. Pikapu ikakaa kitako! Taa zinamulika vilele vya miti.

Mbinu. Nimenunua mipira ya hewa, ile ya kuwekwa kati ya ekseli na fremu. Nimeilaza, nimeijaza upepo. Pikapu ikainuka, ikanyooka kama askari wa gwaride. Nikamwita Dewey kwa sauti ya mshindi.

Akazunguka mara mbili. Akasema nimempandisha suruali mtu mnene. Unene uko pale pale.

Sisemi naye tena.

Ijumaa, 11 Januari
Nimesema naye. Alijipakia mwenyewe, Buford mapajani, tukaenda kwenye mizani ya kituo cha malori. Nilikuwa nimejiandaa: maji ya tangi nimeyamwaga alfajiri, Buford nikamkabidhi mama wa dukani, Dewey nikamwambia ashuke akanunue kahawa. Kisha nikavuta breki na kushuka mwenyewe. Nikasimama pembeni na kofia mkononi, kama msibani.

Dewey akarudi na kahawa. Akauliza kwa upole, hivi Arizona nani ataendesha?

Pikapu yangu, trela likiwa limeikalia, inaruhusiwa pauni elfu kumi. Karatasi ikasema 10,640. Na mimi sijapanda!

Akanieleza taratibu, kama mganga anayeeleza ugonjwa. Matairi yatachemka. Springi zitachoka. Breki siku ya kuhitajika hazitakuja. Akasema tupakie mawe kwenye pikapu yake, ile ya magurudumu manne nyuma, hata haitayasikia. Nikasema Nelda hapandi gari lako.

Sijui kwa nini nilisema Nelda badala ya mawe.

Jumapili, 13 Januari
Akili imerudi! Kama mbele kunazidi, si mawe yaende nyuma? Nimehamisha ndoo zote hadi ukuta wa nyuma kabisa wa trela, chini ya dirisha la jikoni. Mapumziko saba. Nikaenda mizani peke yangu. 9,960! Nikaibusu karatasi. Mwenye mizani akageuka kando.

Nimeipachika kwenye uzio, upande wa Dewey. Jioni ilikuwa hapo hapo. Chini yake kaandika kwa penseli: mkia mzito hutikisa mbwa. Kejeli za mtu aliyeshindwa.

Jumanne, 15 Januari
Usingizi umegoma. Niandike tu.

Niliondoka nyumbani, Shamrock, saa moja asubuhi. Mji wa Amarillo nilipita vizuri, nikiimba. Mbele kidogo upepo ukaja wa ubavuni. Trela likaanza kuyumba. Kidogo, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Kisha sana. Nikaliona trela langu mwenyewe kwenye dirisha la pembeni, likitaka kunipita! Nikakanyaga breki, likazidi. Buford akajichimbia chini ya dashibodi. Nikaachia pedali zote, nikabana kwa mkono breki za trela peke yake, nikaita jina la Nelda. Likatulia. Nikasimama kando ya barabara. Vidole vikakataa kuachia usukani.

Ndani, ndoo nne zimepinduka. Mipira ya kufungia ndoo ilikuwa ya zamani, imekatika. Mawe huku, vikaratasi kule. Nikakaa sakafuni. Nikaokota moja la kahawia lenye mstari mweupe. Nelda aliniambia jina lake mara mia. Kila mara nilisema ndiyo, mama, ndiyo, macho yangu kwenye televisheni. Sikulijua. Hata moja sikulijua.

Mlango ukagongwa. Dewey. Nikauliza anatafuta nini huku. Akasema anaelekea Arizona, kuna ubaya? Pikapu yake tupu, kamba za kufungia mizigo ziko tayari. Alikuwa maili mbili nyuma yangu tangu nyumbani.

Hakunicheka. Ningependa angecheka. Akapiga magoti, akavaa miwani, tukaanza kukisia kikaratasi kipi ni cha jiwe lipi. Hili litakuwa hili. Hapana, soma tena, kasema lina vidoa. Wazee wawili wajinga, saa tatu nzima. Mwisho kikabaki kikaratasi kimoja kisicho na jiwe. Kimeandikwa: Zuri sana, Hoyt asiliguse. Nimekitia mfukoni.

Kisha tukahamisha ndoo zote kwake. Ile ya mawe ya kijani hakuiweka nyuma. Aliiweka kiti cha mbele, akaifunga mkanda. Nikaukaza kidogo.

Jumamosi, 19 Januari
Saa tatu na nusu tulikuwa mezani. Namba 12! Mtu wa shanga alikuwa amesimama karibu na masanduku yake. Nikamwonyesha saa yangu.

Ya kijani mbele. Mama mmoja akachungulia, akasema kikaratasi hiki na jiwe hili havihusiani kabisa. Dewey akamwambia, dada, mwenye mawe ndivyo alivyopenda kuliita. Opal Renfro akaja, akasoma vikaratasi vyote hadi cha mwisho, akaenda kando kufuta macho. Mimi jua lilinipiga machoni. Hapa jua ni kali.

Jumapili, 27 Januari
Gulio limefungwa. Mawe yote tumebadilishana na watu, kama desturi ilivyo hapa. Dewey kasema sasa nirudi nyumbani mwepesi, kama binadamu.

Ila nimeona kitu. Gogo lililogeuka jiwe, kubwa kama ndama, ndani jekundu na kijani. Kaburi la Nelda lina kibati tu cha watu wa mazishi. Nikatoa vyote tulivyopata na jenereta yangu juu. Mwenye gogo akasema ni pauni elfu moja na mia moja, akaninyanyulia kwa mashine hadi kwenye bodi, mbele ya kile chuma cha kuungia. Nikashusha shingo ya trela.

Pikapu ikakaa kitako. Nikajaza upepo kwenye mipira. Ikanyooka! Imenyooka kabisa.

Dewey kafungua mlango wangu bila hodi, kainama kusoma stika ya fremu. Haisomeki tena. Juu yake nimebandika kile kikaratasi cha Nelda kilichokuwa mfukoni. Akakisoma hicho. Akafunga mlango polepole, akasema nitangulie, yeye hana haraka.

Wivu tu.